Gemu Ikizima Katikati, Anzia Ukutani

Mwongozo kwa mwenye kompyuta ya mezani nyumbani, Ngara na Biharamulo

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko majumbani kwetu hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni Dell OptiPlex, HP Compaq na ndugu zao, zilizofanya kazi ofisini huko Ulaya au Marekani miaka kadhaa, zikaletwa kwa kontena, zikauzwa Dar es Salaam, Mwanza au Kahama, kisha zikapandishwa basi mpaka Nyakanazi, Benaco au Ngara mjini. Zinafungua Word bila shida, filamu zinacheza. Ukiweka PES au GTA, zinazima.

Hapo mwenye kompyuta hukimbilia kwa fundi, na fundi asiye na muda hukimbilia dawa moja: kupiga Windows upya. Picha za harusi zinapotea, hela inatoka, na wiki haijaisha gemu inazima tena. Windows haikuwa na kosa.

Elewa kwanza kwa nini gemu ndiyo inayoumbua kompyuta. Ukiandika barua, prosesa iko nusu usingizini. Gemu inaamsha kila kitu kwa pamoja: prosesa, kadi ya grafiki, RAM, diski na feni. Umeme unaovutwa ukutani unaweza kuongezeka mara mbili au tatu ndani ya sekunde chache, na joto linafuata. Udhaifu wowote uliokuwa umejificha, uwe wa waya uliolegea, feni iliyoziba au RAM mbovu, unajitokeza papo hapo. Kwa hiyo tutatoka nje kwenda ndani: ukuta, boksi, vifaa, Windows, na gemu yenyewe mwisho. Faida ya mpangilio huu ni kwamba hatua za mwanzo ni za bure au za bei ndogo.

Imezimaje?

Kusema "Gemu inagoma" hakumsaidii mtu. Weka daftari karibu na kibodi kwa wiki moja. Kila ikizima andika saa, jina la gemu, ulikuwa umecheza kwa muda gani, na ilizima vipi. Ukishaandika mara tano sita utaona mambo yanajirudia, na hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia.

KISANDUKU: DALILI NA MSHUKIWA WA KWANZA

- Kompyuta nzima inazima au inajiwasha upya bila onyo: umeme wa ukutani, pawa saplai, au joto.
- Inazima baada ya muda uleule, mathalani dakika 20, feni ikipiga kelele: joto.
- Skrini ya bluu yenye maandishi: RAM, draiva, au diski.
- Picha inapotea au inachanikachanika huku sauti ikiendelea: kadi ya grafiki au draiva yake.
- Gemu inajifunga yenyewe lakini kompyuta inaendelea kufanya kazi: faili la gemu, programu saidizi inayokosekana, au RAM.
- Inaganda kwa sekunde kadhaa, taa ya diski ikiwaka mfululizo: diski.
- Haijawahi kufunguka hata siku moja: kompyuta haina uwezo, au kuna faili halipo.

Umeme

Wapo wanaouliza: maporomoko ya Rusumo yako Ngara, kuna mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawasawa, iweje taa zangu zipepese? Umeme wa Rusumo hauji moja kwa moja nyumbani kwako. Unapandishwa hadi kilovolti 220, unasafiri kwenye minara mpaka Nyakanazi wilayani Biharamulo, unaingia gridi ya taifa, kisha unashushwa na kurudi vijijini kwa laini ndefu. Ukiwa mwishoni mwa laini, na transfoma yenu inalisha pia mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea mageti, volti zitashuka kwako hata kama Rusumo mitambo yote inazunguka. Ni nafuu kubwa kuliko enzi za majenereta ya dizeli, lakini kompyuta haijali historia. Inataka volti 230 zilizotulia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Cheza gemu ileile, hatua ileile, saa nne asubuhi, kisha saa mbili usiku. Ikizima usiku tu, wakati kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi, umeme ndiye mshukiwa. Usiku kuna baridi kuliko mchana, hasa kwenye milima ya Ngara, kwa hiyo joto unaweza kuliweka pembeni kwa muda. Ikizima mchana jua likiwa kali na usiku ikatulia, ruka mpaka sehemu ya vumbi.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Chomoa kompyuta kwenye ekstensheni inayolisha pia friji, pasi au jagi la kuchemshia maji. Ipe soketi yake ukutani. Friji inapoanza kuunguruma huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kompyuta iliyo kwenye waya uleule hulipia.

2. Shika plagi na soketi baada ya nusu saa ya kucheza. Ikiwa ya moto, au kuna alama nyeusi, kuna waya umelegea ndani. Hapo gemu iache. Mwite fundi umeme mwenye leseni, maana inayofuata inaweza kuwa nyumba.

3. Muombe fundi huyohuyo apime volti jioni, siyo mchana anapopita. Soma kibandiko cha pawa saplai nyuma ya boksi. Kikisema 200–240 na mita inaonyesha 185, umepata jibu.

4. Muulize kuhusu ethi. Ukigusa chuma cha boksi ukahisi kama unatetemeshwa vidole, ethi haipo au imekatika.

5. Angalia kama nyuma, karibu na tundu la waya, kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Lazima isome 230. Ikiwekwa 115 kwa umeme wa Tanzania, utasikia mlio mmoja tu na pawa saplai imekwenda.

Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua UPS yenye stebilaiza ndani yake. Ya VA 650 inatosha kompyuta ya kawaida na skrini yake. Tarajia wati kama 360 hivi, kwa sababu VA na wati si kitu kimoja, ingawa wauzaji huzitaja kana kwamba ni kimoja. Usitegemee kumaliza ligi umeme ukikatika. Inakupa dakika chache za kusevu na kuzima kwa utaratibu.

Usinunue UPS iliyotumika kabla ya kuijaribu palepale dukani: ichajiwe, ichomekewe kompyuta, kisha ichomolewe ukutani. Nyingi zina betri iliyokwisha, na betri mpya ina bei yake. Na kama una UPS nzima lakini kompyuta bado inajiwasha upya kila umeme unapoyumba, tazama pawa saplai. UPS huchukua muda mdogo sana kuhamia kwenye betri, na pawa saplai nzima huvumilia pengo hilo. Iliyochoka haiwezi.

Wanaotumia sola: inveta ya bei ndogo mara nyingi hutoa mawimbi ya mraba. Taa na chaja hazilalamiki. Pawa saplai ya kompyuta huweza kunguruma, kupata moto au kuzima gemu inapoanza kuvuta. Ulizia inveta ya mawimbi safi.

ONYO: RADI. Ngurumo zikianza, chomoa, usiishie kuzima swichi. Chomoa pia waya wa HDMI ikiwa kompyuta imeungwa kwenye televisheni. Radi hupenda kuingilia kwenye dishi la king'amuzi, ikapita kwenye televisheni, ikaishia kwenye kompyuta yako ambayo ulidhani iko salama.

Vumbi

Ukweli kwamba Ngara kuna ubaridi huwadanganya wengi. Baridi ya nje haifiki kwenye prosesa kama njia ya hewa imeziba. Kuanzia Juni, mvua zikishakatika, vumbi jekundu huingia kila mahali, na nyumba iliyo kando ya barabara wanapopita malori yaendayo Rusumo na Kabanga hupata mgao mkubwa zaidi. Boksi lililokaa sakafuni linavuta vumbi hilo siku nzima.

Fungua boksi utazame feni iliyo juu ya prosesa. Kwa juu inaweza kuonekana safi. Ifungue, uiinue, uangalie chini yake, pale inapokutana na mapezi ya alumini. Hapo ndipo utakuta utando wa vumbi na nywele umejibana, mzito kama kipande cha blanketi, hewa haipiti hata kidogo. Feni inazunguka kwa nguvu zote, inapuliza utando. Mafundi wengi wanapuliza juujuu bila kuinua feni, ndiyo maana kompyuta "iliyosafishwa" juzi bado inazima.

Namna ya kusafisha:

1. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki ndani iishe.

2. Toa boksi nje, kwenye kivuli. Gusa chuma chake kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini usiunguze mazabodi. Usivae sweta la sufi.

3. Tumia brashi mpya ya rangi, laini na kavu, pamoja na bloa ndogo. Zuia feni kwa kidole au kijiti unapopuliza. Feni inayozungushwa na upepo wa bloa huharibika.

4. Usiende kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa ile ina nguvu kupita kiasi na hutema maji.

5. Pawa saplai ipulizie kupitia matundu yake tu. Usiifungue. Inatunza umeme ndani hata ikiwa imechomolewa.

6. Ukiondoa mapezi yote juu ya prosesa, lazima uweke pesti mpya. Futa ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, kisha kaza skrubu kwa kukatiza kona na kona. Dawa ya mswaki na mafuta ya mgando havifanyi kazi hii. Vinakauka au kuyeyuka, na wiki mbili baadaye hali ni mbaya kuliko mwanzo.

7. Wakati boksi liko wazi, kagua vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Kilichovimba kichwani au kuvuja maji ya kahawia ni ugonjwa, na hakuna Windows itakayoutibu.

Baada ya kusafisha, weka boksi juu ya kigoda au meza, mgongo ukiwa mbali na ukuta kwa shibiri moja. Kitambaa cha kufuma kinachopamba kompyuta ni kizuri ikiwa imezimwa. Ikiwa inafanya kazi, kitoe. Nimeona vingi vikiwa vimefunika matundu yaleyale ya hewa.

Ili kujua joto lenyewe, weka programu ya bure ya HWiNFO au Core Temp. Bila gemu, nyuzi 35 hadi 50 ni sawa. Ukiwa kwenye gemu, chini ya 80 usiwe na wasiwasi. Ikipita 90 simama. Prosesa za Intel hupunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, na joto likizidi kupanda huzima kompyuta nzima ili zisiungue. Programu za kutesa kadi kama FurMark usizitumie kwenye mashine ya ofisini iliyochoka. Utajua kweli kwamba ni mbovu, kwa kuiua.

Njia moja ya bure ya kupunguza joto: ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha ukubwa wa picha hadi 1280 × 720 na uwashe V-Sync. Gemu za zamani zisipofungwa breki hiyo huchora picha mamia kwa sekunde, picha ambazo skrini yako haiwezi hata kuzionyesha.

Ilipanda basi

Kompyuta iliyosafirishwa kutoka Mwanza ikiwa kwenye buti la basi imetikiswa njia nzima. RAM na kadi ya grafiki hulegea kwenye nafasi zake bila kutoka kabisa: kompyuta inawaka, ila inazima ukicheza. Kabla ya kumlaumu muuzaji, ichomoe umeme, toa RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa unga wa kifutio, irudishe mpaka usikie vibano viwili vikilia. Fanya hivyo kwa kadi ya grafiki na nyaya za diski.

Windows inajua zaidi ya inavyosema

Sasa tunaingia ndani. Windows huandika kila kifo, tatizo ni kwamba haikuonyeshi mpaka uombe.

1. Shika kitufe cha Windows pamoja na R. Andika: perfmon /rel kisha bonyeza Enter.

2. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu kwenye siku zenye matatizo. Bofya siku iliyo kwenye daftari lako, linganisha saa.

3. Ukikuta tu maneno "Windows was not properly shut down", bila kosa lingine, Windows inakuambia kwamba ilikatwa ghafla kama wewe ulivyoona. Rudi kwenye umeme, pawa saplai na joto.

4. Ukikuta "Hardware error" na ndani yake LiveKernelEvent 141 au 117, elekea kwenye kadi ya grafiki na draiva yake.

5. Ukikuta jina la gemu, libofye mara mbili usome mstari wa "Fault Module Name". Jina linaloanza na nv ni la Nvidia, ati au amd ni la AMD, ig ni la Intel. Hizo ni draiva. Likiwa jina lilelile kila mara, kosa liko kwenye faili hilo. Likibadilika kila siku, leo hili kesho lile, pima RAM.

Skrini ya bluu ikipita haraka kabla hujasoma, fungua sysdm.cpl kwa njia ileile ya kitufe cha Windows na R, nenda "Advanced", kisha "Startup and Recovery", uondoe tiki kwenye "Automatically restart". Ikitokea tena itabaki hapo, uipige picha kwa simu.

Kupima RAM: andika mdsched.exe, kubali kuwasha upya, uiache imalize. Inaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo chagua wakati ambao umeme hausumbui. Ikipata kosa na una RAM mbili, zijaribu moja moja mpaka umjue mkosaji. Dalili moja ya RAM mbovu ambayo watu huipuuza: unafungua faili la RAR kutoka kwenye flashi, linakuambia "CRC failed", unarudia, linakubali. Faili halijabadilika, kumbukumbu ndiyo iliyokosea.

Kuhusu diski, CrystalDiskInfo ni programu ndogo ya bure. Ikiandika "Caution" au "Bad", nakili kwanza picha na nyaraka zako. Usianze na chkdsk /r kwenye diski inayokufa; kazi hiyo nzito inaweza kuwa ndiyo ya mwisho kwake. Hakikisha pia diski C ina nafasi ya GB 15 au zaidi, kwani Windows huitumia kuongezea RAM.

Na tarehe. Ikiwa kila umeme ukikatika kompyuta inarudi mwaka wa nyuma, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imekwisha. Gemu zinazounganishwa na intaneti hukataa tarehe ya uongo.

Bando litumike kwa akili

Usipakue chochote kabla ya kujua unachohitaji. Andika dxdiag, usome kwenye ukurasa wa "Display" jina la kadi yako. Draiva ichukue kwa mtengenezaji: Intel, AMD, Nvidia, au Dell na HP kwa modeli ya kompyuta yako. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke.

Draiva mpya kabisa si lazima iwe bora. Nvidia iliacha mwaka 2021 kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za kizazi cha Kepler, zikiwemo GTX 650 na GT 710 nyingi. Hizo zinabaki kwenye toleo la 470. Draiva ya Nvidia hula mamia ya megabaiti, kwa hiyo ipakue kwa bando la usiku na uitunze kwenye flashi.

KISANDUKU: UJUMBE NA DAWA YAKE

- MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll haipo: weka Visual C++ ya Microsoft, x86 na x64 zote mbili. Ni ndogo.
- d3dx9_43.dll au xinput1_3.dll haipo: weka DirectX ya Juni 2010 ya Microsoft, kama MB 95.
- 0xc000007b: mara nyingi umechanganya mafaili ya biti 32 na 64. Weka Visual C++ zote mbili, kisha jaribu tena.
- 0xc0000005: gemu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Anza na RAM, kisha draiva, kisha weka gemu upya.

ONYO: usipakue faili moja la .dll kwenye tovuti zinazogawa mafaili hayo. Hujui nani amelipika.

Gemu ya kwenye flashi

Gemu nyingi tunazocheza zimekopiwa kwa jamaa, na jamaa alikopi kwa jamaa mwingine. Faili moja likikatika njiani, gemu itazima kila ukifika uwanja fulani au misheni fulani, palepale, siku zote. Hapo huna cha kutibu kwenye kompyuta. Tafuta nakala nyingine. Zilizochakachuliwa zina shida ya ziada: antivirusi hufuta faili lake la kuanzishia, na mwenye gemu, kwa hasira, anazima antivirusi. Ndipo folda zote kwenye flashi zinapogeuka kuwa shotikati, pamoja na ile ya kazi za shule za mtoto.

Mimi ningependekeza uwe na gemu moja halali ya kupimia. SuperTuxKart ya mbio za magari na 0 A.D. ya vita vya kale ni za bure na leseni zake zinakuruhusu kuzikopi kwa flashi mpaka kijiji cha mwisho. Cheza SuperTuxKart saa nzima. Ikitulia huku PES yako ikizima, huenda kosa liko kwenye PES. Zikizima zote, rudi juu.

CD za zamani zenye kinga ya SafeDisc hazifunguki kwenye Windows 10, usijisumbue. Steam nayo iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024.

Uwezo una mwisho

Intel HD Graphics 2000 na 3000, zilizomo kwenye OptiPlex nyingi za Core i3 na i5 za mwaka 2011, zinaishia DirectX 10.1. Gemu inayodai DirectX 11 haitafunguka, hata fundi afanye nini. Core 2 Duo haina maagizo ya AVX, na baadhi ya gemu mpya hufa zikiyakosa.

Ukitaka kuongeza kadi ya grafiki kwenye boksi dogo la ofisini, kumbuka pawa saplai yake huwa ndogo, na plagi zake mara nyingi si za kawaida. Chagua kadi fupi isiyohitaji waya wake wa umeme: GT 1030 hutumia wati 30 hivi, GTX 750 Ti wati 60, GTX 1050 Ti wati 75, ambazo ndizo kikomo cha nafasi ya kadi kwenye mazabodi. Kadi kubwa ya mtumba iliyochomekewa adapta itaanza kuzima palepale gemu inaponoga, nawe utarudi ukurasa wa kwanza wa mwongozo huu.

Ukienda kwa fundi

Nenda na daftari, na picha za skrini. Mwambie, "Fundi, naomba uipime pawa saplai ikiwa inacheza gemu, siyo ikiwa imelala." Pawa saplai mbovu hutoa volti nzuri kabisa isipobebeshwa mzigo. Njia rahisi kwake ni kukuwekea nyingine nzima ya majaribio kwa nusu saa.

Kabla hujaondoka nyumbani:

☐ Nimenakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje au flashi isiyo na virusi.
☐ Nimeandika RAM yangu ni GB ngapi, na diski yangu ina ukubwa gani.
☐ Nimepiga picha ya ndani ya boksi.
☐ Kama kuna safari ndefu, nimetoa kadi ya grafiki na kuifunga peke yake kwa kitambaa cha pamba.
☐ Nimekubaliana na fundi kwamba kifaa kitakachobadilishwa, kile cha zamani narudi nacho.
☐ Nimemwambia asipige Windows kabla hajanipigia simu.